Daftari la mtunza stoo na kile tunachokiita ukaidi

Wiki ya tatu tangu mfumo mpya wa kompyuta uanze kazi, meneja aliingia stoo bila kupiga hodi akamkuta mtunza stoo ameinamia daftari. Lilikuwa lilelile la siku zote: jalada gumu, kona zimelika, penseli imefungwa kwa uzi isipotee. Kompyuta ilikuwa pembeni, inawaka, imefunikwa kitambaa cha kuzuia vumbi.

"Mzee, si tulikubaliana?"

Mzee akajibu kwa adabu zake zote: "Tulikubaliana, bosi. Kule nimeshaingiza. Hili ni langu tu."

Kwenye kikao cha jioni neno "ukaidi" lilitajwa mara tatu. Mara moja kati ya hizo lilitoka kinywani mwangu.

Nikatumwa mimi kwenda kulichukua daftari, na bahati nzuri nililifungua kabla ya kulitia kwapani. Kompyuta yetu ilizijua hali mbili tu za kifaa: kipo, au kimetoka. Daftari lilikuwa na safu ya tatu, ambayo mzee aliiandika kwa kifupi chake mwenyewe, "AR", yaani atarudisha. Spana kubwa inachukuliwa na fundi wa asubuhi, inapokelewa na wa mchana hukohuko kwenye mashine, kisha inarudi stoo usiku ikiwa mkononi mwa mtu wa tatu. Kwa kompyuta, spana hiyo ilitoka asubuhi na haikurudi tena, kwa kuwa anayeirudisha siye aliyeichukua na mfumo haukumtambua. Mwisho wa mwezi ingehesabiwa kuwa upotevu, na upotevu wa stoo ulikatwa kwenye mshahara wa mtunza stoo. Daftari lile ndilo lililokuwa kinga ya mshahara wake.

Katika watu wote tuliokaa kuuchagua mfumo ule, hakuna aliyewahi kushinda stoo hata asubuhi moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tumemnunulia mwenzetu kitanda.

Neno "upinzani", mahali pa kazi, lina mwenyewe. Hulitumia aliyeamua, akimsema aliyeletewa uamuzi. Meneja akikataa pendekezo la fundi huitwa mtu makini, anayepima gharama. Fundi akikataa pendekezo la meneja huyo huyo, basi anapinga mabadiliko. Lakini watu wazima hubadilika kila mwaka kwa hiari yao: wanahama nyumba, wanaoa na kuolewa, wananunua simu wasizojua kuzitumia na ndani ya wiki wanazichezea kama wamezaliwa nazo. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Eric Dent na Susan Goldberg, walitaka wazo zima la kwamba watu hupinga mabadiliko liwekwe kando. Watu hupinga kupoteza hadhi, kipato au raha waliyoizoea, walisema, na kupinga hayo ni jambo jingine kabisa.

Mimi nakubaliana nao karibu kwa kila neno, na kwa sababu hiyo naona swali ambalo viongozi wengi huanza nalo, "nitawashawishije hawa?", limewahi mno. Kabla yake kuna jingine: hapa nani anapoteza nini, na je, hasara hiyo ni ya lazima?

Jaribio linalotajwa kuliko yote katika jambo hili lilifanyika kwenye kiwanda cha pajama cha kampuni ya Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, walilipwa kwa idadi ya vipande. Kila walipohamishiwa namna mpya ya kufanya kazi, uzalishaji ulianguka, manung'uniko yalipanda na baadhi waliacha kazi. Lester Coch, aliyesimamia masuala ya wafanyakazi kiwandani hapo, na mwanasaikolojia John French walitaka kujua sababu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1948.

Mabadiliko yenyewe yalikuwa madogo hata kuchekesha. Kundi la kwanza, la wapiga pasi, lilizoea kupanga nguo nusu dazeni nusu dazeni juu ya kipande bapa cha kadibodi. Sasa walitakiwa wazipange ndani ya boksi. Waliitwa, wakaelezwa kwamba ushindani umekuwa mkali, wakatangaziwa kiwango kipya cha malipo, maswali yao yakajibiwa, kikao kikafungwa. Yaani walifanyiwa kile ambacho ofisi nyingi mpaka leo hukiita kuwashirikisha wafanyakazi. Kundi la pili lilichagua wawakilishi wa kukaa na uongozi kupanga kazi mpya pamoja na malipo yake. Makundi mengine mawili, yaliyokuwa madogo, yalishiriki kila mtu.

Makundi yaliyoshirikishwa yalianza kwa kuonyeshwa nguo mbili zinazofanana. Moja ilitengenezwa mwaka 1946, nyingine 1947, na ya kwanza ilikuwa imeuzwa kwa bei maradufu ya ile ya pili. Waliulizwa ipi ndiyo ya bei rahisi. Hawakuweza kuitambua. Sijaona namna bora ya kueleza kwa nini gharama zinapaswa kushuka. Hakuna hotuba wala michoro ukutani. Mtu anashika nguo, anaigeuza, anapapasa mishono, na jibu analipata mwenyewe.

Wapiga pasi wa kundi la kwanza walikwama kwenye vipande kama 50 kwa saa, ilhali kiwango cha kazi kilikuwa 60. Ndani ya siku 40 za mwanzo asilimia 17 yao walikuwa wameshaondoka. Kundi la wawakilishi lilifika vipande 61 kwa saa katika siku 14. Makundi yaliyoshiriki kila mtu yalirudi kwenye kasi yake upesi zaidi, kisha yakaipita kwa asilimia 14 hivi. Katika siku hizo 40 hakuna hata mmoja wao aliyeacha kazi. Vikaoni mapendekezo yalimiminika mpaka mwandishi wa hati mkato akapata taabu kuyanakili.

Katika ripoti ile kuna mambo mawili ambayo wengi huyaruka, na kwangu ndiyo kiini. La kwanza ni kwamba wapiga pasi walilalamikia malipo. Kiwango chao cha malipo kikapimwa upya, kikaonekana kiliwapendelea kidogo. Fedha ilikuwa kwenye lalamiko tu, maumivu yalikuwa kwingine. Hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja: hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika "nimedharauliwa", basi mtu anaandika "posho haitoshi". Uongozi unaongeza posho, manung'uniko yanabaki palepale, na uongozi unahitimisha kwamba wafanyakazi hawana shukrani.

La pili lilitokea miezi miwili na nusu baadaye. Wapiga pasi 13 waliokuwa wamebaki katika kundi lile walirudishwa pamoja na kuhamishiwa kazi nyingine mpya, safari hii wote wakishiriki kuipanga. Walipanda haraka hadi kasi yao ya zamani na kuipita. Mikono ni ileile, vichwa vilevile, kiwanda kilekile. Kama ukaidi ungekuwa tabia ya mtu, wangekuja nao.

Haifai kuligeuza jaribio hili kuwa dawa ya kila ugonjwa. French na wenzake walilirudia kwenye kiwanda cha viatu nchini Norwe, wakachapisha mwaka 1960, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo zaidi. Ushirikishwaji huzaa pale wafanyakazi wanapoona kwamba jambo linaloamuliwa ni zito na kwamba ni haki yao kuliamua kwa njia ile. Ukiwaita watu kuchagua rangi ya sare huku suala la nani atapunguzwa limefungiwa ofisini, umewapa cha kucheka wakati wa chai.

Nyuma ya utafiti wa Harwood alikuwepo Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyehamia Marekani akitokea Ujerumani na aliyekuwa mshauri wa kiwanda hicho. Alifariki mwaka 1947, kabla ripoti haijatoka. Lewin aliitazama hali yoyote ya kazi kama mahali ambapo nguvu mbili zimekutana na kushikana: zinazosukuma mbele na zinazozuia. Unaweza kusogeza mambo kwa kuongeza msukumo au kwa kupunguza kizuizi. Kwenye karatasi matokeo ni yaleyale, lakini njia ya kwanza inaacha mvutano mkubwa nyuma yake. Kiongozi mwenye haraka karibu kila mara huchagua ya kwanza: waraka mwingine, tarehe ya mwisho, tishio la barua ya onyo. Ni dereva anayekanyaga mafuta ilhali breki ya mkono imevutwa. Gari linasogea, ndiyo, lakini sikia harufu.

Sasa kizuizi hicho ni nini hasa? Paul Lawrence wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika mwaka 1954 kwamba mara nyingi kinachokataliwa si upande wa kiufundi wa mabadiliko. Kinachokataliwa ni upande wa kijamii, yaani namna yanavyogeuza uhusiano wa watu kazini. Mashine ileile mpya inapokelewa vizuri ikiletwa na mhandisi aliyezoea kumwuliza fundi "unaonaje hapa?", na inapigwa vita ikiletwa na mgeni mwenye saa ya kupimia muda.

Fikiria mtu aliyekaa kwenye dawati moja miaka ishirini. Hana cheo kikubwa, lakini ndiye anayeulizwa. Faili likipotea, mteja akiwa mkali, hesabu zikikataa kufunga, wenzake huinua kichwa kumtafuta yeye. Asubuhi ya mfumo mpya anamwita kijana mwenye miezi mitatu kazini amwonyeshe pa kubonyeza. Kijana anabonyeza haraka haraka, anasema "ni rahisi tu, mama", anaondoka. Mama anabaki anaitazama skrini na hajui ilikuwa ni kitufe kipi. Katika bajeti ya mradi mliandika gharama ya kompyuta, ya nyaya na ya mafunzo ya siku mbili. Hasara ya huyu mama haikuandikwa popote, na mkimwona anachelewesha kazi mtasema umri umemzidi. Dawa yake wala si ghali. Afundishwe wiki moja kabla ya wengine, faraghani, na kwa taratibu, ili siku ya siku wenzake wakiinua vichwa wamkute palepale walipozoea kumkuta.

Nisije nikaonekana nawapaka mafuta wafanyakazi. Kuna upinzani unaotokana na mianya ya ulaji kuzibwa. Kuna anayechukia mashine ya kusaini kwa alama za vidole kwa sababu alizoea kusainiwa na mwenzake. Daftari la mzee wetu nalo lingeweza kabisa kuwa daftari la wizi. Nilijua si hivyo baada ya kulifungua, wala si kabla. Ndiyo maana ukaidi haufai kuwa hitimisho la kikao. Ukiona mtu amegoma, umeona dalili, na daktari anayetibu homa zote kwa dawa moja tunajua mwisho wa wagonjwa wake.

Wabishi wa mdomoni, kwa uzoefu wangu, hawana hatari kubwa. Mtu anayesimama kikaoni na kusema "hili halitafanya kazi" amekupa zawadi mbili: amekuonyesha alipo, na amekuambia kwamba bado anajali. Wa kuogopwa ni ukumbi unaotikisa vichwa. "Sawa, bosi." "Hakuna shida, mkuu." Kisha unaanza mgomo baridi: ripoti inafika, lakini Ijumaa jioni, fomu imejazwa, lakini nusu, kila mtu anafanya kile alichoagizwa kwa maandishi na hapiti hapo hata hatua moja. Wakongwe wa ofisini wameshaona kampeni nyingi za nguvu ya soda. Wanajua povu litashuka, kwa hiyo wanafunika kombe mwanaharamu apite. Na mara nyingi hesabu yao huwa sahihi, maana kiongozi aliyeanzisha mabadiliko matatu kabla ya hili na kuyaacha njiani ndiye aliyewafundisha kungoja.

Mwanauchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi yake ana njia mbili kuu, kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu wake ndio unaomfanya achague sauti kabla ya mlango. Ukimwadhibu msemaji mmoja mbele ya wenzake, wenye ujuzi unaouzika kwingine wataanza kutafuta mlango. Watakaobaki ni wale wasio na pa kwenda, nao wamejifunza kunyamaza. Baada ya hapo utaongoza kwa amani kubwa sana, mpaka siku utakapogundua kwamba habari mbaya haikufikii tena.

Kuna jambo jingine linalofichwa na neno upinzani: mara nyingi anayebeba mzigo wa mabadiliko siye anayevuna faida. Shirika la Afya Duniani lilipounda orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji, faida ilikuwa ya mgonjwa. Mzigo ulikuwa wa daktari bingwa anayeulizwa mbele ya wauguzi kama ana hakika na jina la mgonjwa wake. Orodha ilijaribiwa kwenye hospitali nane katika miji nane ya dunia, Ifakara ikiwemo pamoja na London na Seattle. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hata hivyo, walipoulizwa maoni, wahudumu kama mmoja kati ya watano hawakukubali kwamba orodha ni rahisi kutumia. Kisha wakaulizwa jambo la pili: siku ukilala wewe mezani, ungetaka isomwe? Asilimia 93 walisema ndiyo.

Swali hilo la pili lingefaa kubandikwa ofisini kwa kila anayepanga mabadiliko. Limewahamisha wahudumu kutoka upande wa mzigo hadi upande wa faida, bila kumwita yeyote mkaidi.

Na kuna mwendelezo wake. Huko Ontario, Kanada, serikali ya mkoa iliagiza hospitali zitumie orodha hiyo na kutangaza hadharani utekelezaji wake. Hospitali zenyewe ziliripoti utekelezaji wa zaidi ya asilimia 90. Utafiti wa hospitali 101 uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo mno kuweza kusema orodha ndiyo iliyoileta. Amri inaweza kuleta alama ya vema kwenye karatasi. Kumfanya daktari asimame, avute pumzi na kumsikiliza muuguzi mdogo kabla ya kushika kisu, hilo ni jambo jingine.

Mwaka 1979 wataalamu wa uongozi John Kotter na Leonard Schlesinger waliziweka pamoja njia ambazo mameneja huzitumia: kuelimisha, kushirikisha, kusaidia, kujadiliana na kulipana, kucheza na watu kwa ujanja, na kulazimisha. Sifa ya orodha yao ni kwamba haikujifanya takatifu. Walizitaja zote kwa sababu zote hutumika, na waliandika wazi kwamba kila moja ina mahali pake na gharama yake. Kuelimisha kunafaa pale tatizo ni kutojua. Mimi huona watu wakitumia wiki sita kuelimisha wafanyakazi waliokwishaelewa vizuri sana, kuliko hata mwalimu, na ndiyo sababu wamekataa. Aliyeelewa kwamba anapoteza haelimishwi, anajadiliwa naye. Kama zamu mpya zinamnyima malipo ya saa za ziada, sema fidia ni nini, ni ya muda gani, na iandikwe.

Njia ya ujanja ina umbo moja maarufu: mpinzani mkuu anaingizwa kwenye kamati, anapewa kiti, chai na jina kwenye muhtasari wa kikao, lakini neno lake halibadilishi chochote. Inafanya kazi kwa muda. Siku akigundua, na atagundua, una mpinzani yuleyule akiwa na nakala za nyaraka zako zote.

Kulazimisha je? Kuna wakati hakuna njia nyingine, na kujifanya ipo ni unafiki. Sheria ikibadilika, mashine ikiwa inakata vidole vya watu, fedha zikiwa zinaisha mwezi ujao, kiongozi anaamua. Anachodaiwa hapo ni ukweli tu: "Hili limeshaamuliwa, sababu ni hii, sitawaita kulijadili. Namna ya kulitekeleza ndiyo nataka tuipange pamoja." Watu huvumilia amri iliyosemwa waziwazi kuliko kura ya maoni ambayo matokeo yake yalichapwa jana.

Ila hata mwenye haki kamili anaweza kushindwa. Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna, aliagiza mwaka 1847 kwamba wanaotoka chumba cha maiti wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake wanaojifungua. Vifo katika wodi yake, vilivyokuwa vimefika asilimia 18 mwezi Aprili, vilishuka hadi karibu asilimia 2 mwezi Juni. Ushahidi gani unapita huo? Lakini hoja yake ilikuwa na maana moja nzito kwa kila daktari aliyeisikia: ni mikono yako iliyowaua. Semmelweis hakumwachia mtu njia ya kukubali bila kujihukumu. Kitabu chake alikitoa mwaka 1861, miaka 14 baadaye, na barua zake za wazi zilizofuata ziliwaita maprofesa wauaji. Alifariki mwaka 1865, wengi wa wakubwa wa taaluma yake bado hawajakubali. Mtu anayetakiwa aache jambo alilolifanya miaka kumi anahitaji sentensi ya kuvukia, na kiongozi anaweza kumpa: "Tulifanya hivi kwa tulichokijua wakati ule."

Mfano unaonivutia zaidi ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982, kikiwa na sifa mbaya ya utoro, migomo na magari mabovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walitoka katika wafanyakazi walewale, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Ndani ya muda mfupi ubora ulikuwa miongoni mwa bora kabisa katika viwanda vya kampuni hiyo ya Marekani. Watu husimulia zaidi habari ya kamba iliyoning'inia juu ya mstari wa kazi, ambayo mfanyakazi yeyote aliyeona kasoro angeweza kuivuta. Kwangu kilichoifanya kamba ivutwe kilikuwa kwenye mkataba: kampuni iliahidi kutopunguza wafanyakazi ila ikiwa uhai wake wenyewe uko hatarini, na kabla ya hapo ingepunguza kwanza mishahara ya wakubwa. Mauzo yaliposhuka mwaka 1988 ahadi ikapimwa. Hakuna aliyepunguzwa, waliokosa kazi kwenye mstari walipelekwa mafunzoni na kwenye vikundi vya kuboresha kazi. Usimwombe mtu akuonyeshe namna ya kufanya kazi ya watu kumi kwa watu wanane kabla hujamwambia wale wawili wanakwenda wapi.

Wanaosahaulika kuliko wote ni wasimamizi wa kati. Msimamizi wa zamu anapata waraka saa mbili asubuhi na saa mbili na nusu anatakiwa autetee mbele ya watu thelathini. Akiulizwa swali la kwanza tu, anajibu "mimi nimeletewa hivyohivyo", na hapo mabadiliko yameshakufa kabla ya chai. Mkubwa atasema msimamizi hana msimamo. Msimamizi alihitaji siku mbili, nafasi ya kutoa ubishi wake faraghani, na majibu ya maswali matano ambayo anayajua kwa kichwa kwa sababu yeye ndiye anayeishi nayo. Kama kuna sehemu moja ya kutumia muda kuliko zote, ningeutumia kwa watu hawa, na karibu kila mara nimeona ukitumika kwenye mabango.

Kule stoo, mtaalamu wa programu alichukua siku mbili kuongeza hali ya tatu. Alitaka kuiita "mkopo wa muda mfupi". Mzee akamwambia, kwa adabu ileile, "Mwanangu, andika AR, mafundi wote wanaijua." Ikaandikwa AR. Nilipopita tena miezi kadhaa baadaye kitambaa cha vumbi kilikuwa kimeondoka, na mzee alikuwa anamfokea fundi mmoja kwamba hajabonyeza kurudisha. Daftari lilikuwepo bado, chini ya skrini, likiiinua kidogo ili asiinamishe shingo.